Sekunde Arobaini

Kisanduku kilikata roho Jumanne usiku,
taa yake nyekundu ikikonyeza, ikizimika, ikikonyeza,
na ndani yake alikuwamo Taisto.

Pirkko hakulia. Alipiga simu Oulu,
akaja mpwa wake Jarkko, theluji mabegani,
bisibisi mfukoni, haraka ya mkunga.

Akafungua mbavu za chuma, akachomoa diski,
akaitega sikio: kwi, kwi, kimya.
"Inazunguka," akasema, "ila kwa kujikongoja."

Wakaiunganisha na kompyuta mezani.
Asilimia nne. Wakanywa kahawa.
Asilimia nne.
Faili zote zilikuwa zimepoteza majina,
zimebaki nambari, kama wagonjwa wa wodini.

Saa tisa usiku zikaanza kutoka:
mashindano ya kuruka kwa skii, nusu tu;
mapishi ya samaki, bila sauti;
utabiri wa baridi
ya mwaka ambao baridi yake hakuna anayeikumbuka.

"Hiyo," Pirkko akasema. "Hapo hapo."
Mtangazaji anaeleza kufungwa kwa barabara,
na nyuma yake, asijue kuna kamera,
mzee mmoja anazoa theluji kwa beleshi,
anasimama, anapangusa pua kwa glavu,
anaendelea.

Mistari ya kijani inamkata usoni.
"Naweza kujaribu kuisafisha," Jarkko akasema.
"Mwache. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Akainakili mara tatu, kimyakimya,
huku shangazi akiinamia kioo:
"Unaona? Kila mara wanamkatiza
hatua mbili kabla hajafika mlangoni."