Nusu Unywele

Niliinunua mnadani Liège, mvua ikipiga paa,
kati ya kasha la vijiko na picha ya askofu asiyejulikana.
Bastola ya jeshi, mtutu mfupi, umri wa kunizidi mimi,
na mimi nina magoti yanayohesabu kila ngazi.
Ala yake ya ngozi ilinuka jasho la mtu mwingine.
Ndani ya kifuniko, kwa wino: jina, limeliwa na ukungu.

Josiane akafungua dirisha kabla sijafungua sanduku.
"Umeoa vyuma," akasema. "Mimi nimepanga chumba tu."

Ninazo kumi na nne sasa, kila moja na kibali chake.
Mkaguzi huja Machi, huzihesabu
kama mwalimu anayehesabu watoto wa safari,
anakunywa kahawa, anapoteza hesabu, anaanza upya.

Hii ya kumi na nne niliifungua juu ya gazeti la juzi:
springi, mtutu, msumari wa kugongea.
Brashi ya shaba ikapita ikatoka na masizi
ya vita nisivyoviona.
Chini ya ubao wa mshikio, palipofichwa jicho,
muhuri: tai wa wale waliotukalia.
Mwaka wa arobaini na tatu.
Basi ilizaliwa hapa, Herstal, ng'ambo ya reli,
katika kiwanda ambacho king'ora chake
kilimwamsha mama yangu gizani.

Zélie. Miaka ishirini na mmoja, tupa mkononi,
benchi la vilengeo.
Hakusimulia. Siku moja tu, akimenya viazi,
bila kuinua kichwa:
"Tuliwapa bastola. Hatukuwapa shabaha."
Kaka yangu akacheka. Sufuria ikafurika.
Hatukuuliza.

Jumamosi, chini ya ardhi, klabuni kwa Firmin Delhez.
Masikio nimeziba. Mikono miwili. Pumzi nusu.
Kidole kinabana polepole, kama anayekamua limau la mwisho.

Pa.

Ganda likaruka kulia, likalia sakafuni kama sarafu.
Risasi nane, matundu nane, yamebanana kama vifaranga,
yote chini, yote kushoto, nje ya duara jeusi.
"Mkono wako unashtuka," akasema Firmin,
akaichukua yeye, bingwa wa mkoa mara mbili.
Chini. Kushoto. Vifaranga wengine nane.
Akaitazama bastola, akanitazama mimi,
akapapasa mfukoni kutafuta sigara
alizoacha miaka tisa iliyopita.

Usiku, kwa kioo cha fundi saa, nikaona:
kilengeo cha nyuma kimekaa
nusu unywele chini, nusu unywele kushoto.
Hakuna mkwaruzo wa pupa. Kazi safi,
kazi ya mkono usiotetemeka
huku buti za msimamizi zikipita mgongoni.

Au mashine ilichoka. Au ilikuwa Jumatatu mbaya.
Mabenchi yalikuwa mengi, wasichana walikuwa mia,
na mama amelala Rhées, hajibu.
Kiapo sili.

Ninayo nyundo ndogo na patasi ya shaba.
Pigo moja, mkwaruzo mmoja wa tupa,
nayo itatii kama zile kumi na tatu.
Firmin ameshauliza mara tatu lini nitairekebisha.
Nyundo nimeirudisha kabatini,
nyuma ya makopo ya rangi.

Sasa nalenga juu, kulia,
kwenye karatasi nyeupe isiyo na kitu,
na risasi inakwenda zake katikati.
Hapo humkumbuka yule mwenye jina lililoliwa,
aliyelenga sawasawa, kama alivyofunzwa,
na mtu fulani mbele yake, usiku, mtaa siujui,
aliyesikia upepo ukimpita kando ya nyonga
akaendelea kukimbia.