Fomu Namba Saba

Mkuu wa Kitengo cha Michezo ya Jamii, Nairobi. Mulembe.
Fomu namba saba nimeijaza kwa kalamu ya buluu, mlivyoagiza,
nikiwa nimeketi jukwaani, hapa uwanjani Webuye,
jukwaa la ngazi tatu. Ya nne mbao zake ziliibwa.

Kisanduku cha kwanza: vifaa vilivyopokelewa.
Mipira ishirini imefika. Imefika imelala,
bapa kama chapati za jana,
na pampu haikupanda gari moja nayo.
Niliitia guniani nikaibeba hadi kwa Khaemba, fundi wa baiskeli,
akaijaza upepo mmoja mmoja, akihema kuliko pampu yake.
Pesa alikataa. Alitaka mpira mmoja tu,
ule uliogoma kuwa duara.
Nilimpa. Andikeni kumi na tisa.

Kisanduku cha pili: idadi ya washiriki.
Hapa nilikwama, mkuu.
Je, Namalwa muuza omena anahesabiwa?
Daktari alimwambia, mama, tembea,
sukari haishuki kwa maombi peke yake.
Sasa hutoka Milo jogoo hajamaliza sentensi,
gamubuti miguuni, umande hadi magotini,
akauzunguka uwanja mara nne,
na ya tano akaizunguka kwa mdomo.
Nimemhesabu.
Mjukuu aliye mgongoni mwake, anayelala raundi zote,
nilimhesabu nusu. Fomu ikakataa nusu.
Na wale wazee wa kiwanda cha karatasi,
waliokuja kuketi tu, mikono mapajani,
macho kwenye bomba la moshi lisilo na moshi,
mpaka siku mpira ulipowaangukia
na Sikuku, asiyekimbia tangu king'ora cha zamu yake ya mwisho,
akaurudisha kwa kisigino
bila kuinuka?
Wekeni sitini na watatu.
Kama kuna nafasi, wekeni na kisigino.

Kisanduku cha tatu: mashindano na mshindi.
Jumamosi tulivuta kamba.
Ya serikali ilikuwa ingali njiani (barua yenu ya Machi),
basi Lusweti akafungua ya ng'ombe wake.
Wanawake wa soko wakashika upande wa Chetambe,
wanaume wa kiwanda upande wa reli.
Mikono iliyoinua magunia ya viazi haihitaji kocha:
Nangekhe alichimba udongo kwa visigino, akaita,
wakaitika,
na ardhi ikasogea kidogo, naapa,
kisha kamba ikakatika katikati
na watu arobaini wakalala chali, pande zote mbili,
wakiyatazama mawingu, wakicheka hadi machozi,
mkwe na mkwewe, mdai na mdaiwa.
Mshindi: ng'ombe wa Lusweti.
Alitumia uhuru wake kula mahindi ya shule, mistari miwili mizima.
Mwalimu mkuu anadai fidia. Barua yake naiambatanisha.

Kisanduku cha nne: changamoto.
Choo hakina mlango.
Goli la kusini halina mtambaapanya,
kwa hiyo kila bao la juu ni kesi.
Wasichana huondoka saa kumi na moja, mchezo ukinoga,
maana njia ya kurudi haina taa.
Tena kuna mtu amekuja mara mbili
kuupima uwanja kwa hatua, amevaa viatu vya ngozi.
Nilimuuliza. Akasema anafanya mazoezi.
Hakuwa na jasho.

Kisanduku cha tano: maoni ya afisa, yasizidi mistari miwili.
Kabla ya jezi, tumeni hati ya kiwanja.
Na kamba iwe ndefu; marudiano wameshapanga bila mimi.

(Pembeni, kwa penseli, msiihesabu:
leo asubuhi Namalwa alizunguka mara tano.
Ya tano kwa miguu.)