Nusu Sekunde

Saa sita kasoro dakika nne. Bando la usiku halijaanza.
Pipeline, ghorofa ya saba, jengo lisilo na rangi
ila ya nguo kwenye kamba.
Nimekaa juu ya mtungi wa maji,
naitazama saa ya simu
kama kibarua anavyoitazama Jumamosi.

Modemu ina mahali pake: ndani ya sufuria,
sufuria dirishani, mdomo umeelekea
mlingoti ulio juu ya paa la kanisa.
Nimejaribu kila pembe ya chumba hiki.
Kitandani, vijiti viwili. Mlangoni, kimoja.
Ndani ya sufuria, vitatu, na cha nne
huchungulia na kujificha kama mdeni.
Mama aliuliza mara moja tu:
"Na kesho ugali nitausonga kwenye modemu?"

Saa sita. Naingia.
Kwamboka yumo tayari, ametoka zamu yake hotelini,
hajavua viatu. Najua,
maana akiwa na viatu hukosa penalti.
Saa ya Doha na saa ya Nairobi ni ile ile,
hakuna aliyetangulia kuona alfajiri.
Sisi tumepishana nusu sekunde tu.

Lakini nusu sekunde, jamani!
Winga wake anapiga krosi.
Kwangu mpira bado uko mguuni,
kwake nyavu zimeshatikisika.
Kipa wangu anaruka vizuri, mikono yote miwili,
kuokoa jambo lililokwisha kutokea.

Chelewa chelewa, walisema, utakuta mwana si wako.
Mimi sikuchelewa.
Kidole kilibonyeza kwa wakati wake.
Amri ilitoka hapa, ikapanda mlingoti,
ikapita sijui chini ya bahari gani,
ikagonga mlango wa mashine isiyonijua,
ikaambiwa: panga foleni.

Kuna mwezi konsoli iliamka yenyewe usiku
ikajisasisha.
Gigabaiti thelathini na moja.
Ilimeza bando la mwezi mzima bila kutafuna
ikakwama asilimia sitini na mbili,
ikaniomba radhi kwa maandishi madogo meupe.
Kwamboka akaniuliza kwa ujumbe: Umenikimbia?
Nikakopa salio, nikamjibu:
Sijakimbia. Nimeliwa.

Hatuzungumzi tukicheza. Sauti hula bando.
Tunajuana kwa mpira.
Akiwa na furaha hupiga mashuti ya kijinga kutoka katikati.
Akiwa na hasira humwangusha beki wangu wa kushoto,
yule yule kila mara, maskini.
Na mwezi wa nane alicheza mechi nzima nyuma,
beki kwa beki, beki kwa kipa, kipa kwa beki,
hakuvuka mstari wa kati hata mara moja.
Sikumuuliza.
Niliweka kidhibiti sakafuni.
Wachezaji wangu kumi na mmoja wakasimama kwenye nyasi
wakamwachia mpira wake,
dakika tisini,
mashabiki wa kompyuta wakizomea.

Leo hayuko hivyo. Leo ananinyoa.
Moja. Mbili. La tatu sikuliona kabisa:
picha iliganda, mchezaji wake akikimbia pale pale
kama mtu ndani ya ndoto,
na ilipoganduka walikuwa tayari
wamebebana kwenye kibendera cha kona.

Dakika ya themanini na nane mvua inashuka Embakasi.
Kijiti cha tatu kinakwenda. Cha pili.
Taa ya modemu inakuwa nyekundu,
uwanja mzima unabaki kimya, kila mguu hewani.
Naipuliza modemu. Naizungusha sufuria.
Naisukuma hadi nje ya dirisha, inaingia maji.

Nyuma ya pazia kitanda kinalia.
Nilidhani amelala. Nilidhani hajui
ni nani huwa upande wa pili.
"Amekufunga ngapi?"
"Tatu, Mama."
Kimya kidogo, kama cha mtandao.
"Basi yu mzima.
Na hiyo sufuria, irudishe."