Neno la Nne

Mashine ya 417, Kadutu.
Imetoka benki, kibodi bila herufi M,
vumbi tumboni kama unga wa muhogo.
Nsimire anaisajili. Programu inauliza: hali?
Inampa maneno matatu tu:
nzima, mbovu, ya vipuri.

Diski imekufa. Feni huzunguka
ukiisukuma kwa kidole.
Nzima? Hapana. Mbovu? Nani kasema?

Programu haina kufuli; aliyeiandika
yuko mbali, wala hamjui, aliacha mlango wazi.
Umeme uliporudi saa saba usiku
akaingia, akautafuta mstari,
akaongeza neno la nne: inangoja.

Kufikia asubuhi mashine sitini na mbili
zimeshahama kutoka mbovu.

Cubaka akauliza, zinangoja nini?
«Diski. Na wewe ulete bisibisi.»