Mji Mgongoni

Kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu
Õnne alichora mji juu ya mgongo wa mnyama aliyelala.
Akijigeuza, mitaa hubadilishana majirani:
duka la mkate laamkia makaburini,
shule yaning'inia ubavuni.
Watu huvaa viatu vya sufu. Kengele hazina ndimi.
Mwenye kikohozi huhamishiwa mkiani.

Miaka ishirini na sita baadaye, Tartu, theluji dirishani,
aliufungua mji ule mbele ya Madis, mwenye kampuni.
"Adui ni nani? Mchezaji apige nini?"
"Hapigi. Anapeleka barua. Asimwamshe tu."
"Na akimwamsha?"
Hilo Õnne hakuwahi kulichora;
alikuwa na miaka tisa, na ukurasa uliisha.

Madis akacheka, akalifunga daftari kwa kiganja:
watu hununua panga, bibie, hawanunui ukimya.

Saa nane usiku simu ikatetemeka chini ya mto.
Madis.
"Nimetoka bafuni nikinyata, sijui kwa nini.
Hebu niambie, kwapani mwake,
kule kwenye joto,
kuna anayeishi?"