Gunia la Chini

Nililipata rahisi, bandarini Wete:
gunia la chini, lililolalia maji siku tatu.
Kulipasua, pumba zikafuka vumbi la kijani,
harufu ya kofia ya marehemu sandukuni.

"Mpe tu," kasema Faki, "ng'ombe hachagui."
Kidoti kanusa, kageuza shingo.
Kisha njaa ikamrudisha.

Nikamvuta kamba.

Maana ukungu ule hauishii tumboni mwake,
hushuka hadi chuchuni,
ukamiminika kikombeni mwa Mwanaidi
mweupe, mtamu, hauna harufu tena.

Elfu kumi na nne nimezifukia nyuma ya banda.
Leo Kidoti anatafuna shina la mgomba,
maziwa hayafiki kibaba.
Mwanaidi anauliza mengine yako wapi.

Namwonesha shimo.