Ziba, Tusikie

Nimekuja Gerezani na vipimo vya fenda kiganjani,
nimeviandika kwa kalamu ya bluu, jasho limeanza kuvila.
Gari lenyewe nimeliacha kwa Mbwilo, kivulini mwa kontena.
Mimi nachimba visima, lenyewe linabeba mabomba:
leo Kibiti, wiki ijayo Kiteto,
huku tope, kule vumbi la kutafuna.

Hewa haina bei. Njia yake ndiyo yenye bei.

Fungameza ananitandazia snoko tatu juu ya kaunta
kama muuza suruali.
Hii ya Bangkok, hii ya Dubai, hii usiulize.
Ya kwanza inang'aa, ina maandishi ya dhahabu.
"Dada, hii ukipita nayo Masaki watu wanageuka."
Mimi sipiti Masaki.
Naiminya, inabonyea kama chupa ya maji.
Namuuliza mpira wa maungio uko wapi.
Anakohoa. Anasema huo ni wa kununua pembeni.
Nachukua ile ya usiulize: nyeusi, nzito, haina sifa.

Mwaka juzi, Aprili, pale Jangwani,
niliyaona maji yamefika kwenye taa nikasema nitapita.
Hewa hubanwa. Maji hayabanwi,
ukiyabana yanakunja chuma.
Konrodi mbili zilitoka na matege.
Milioni nne na ushee
kwa neno moja, nitapita.

Na filta?
Iko ya kitambaa chekundu, ya kufua na kupaka oili,
"unanunua mara moja, unazeeka nayo."
Iko ya karatasi, imekunjwa marinda kama sketi ya shule.
Naiinua ya kitambaa kwenye mwanga wa mlangoni:
naona bodaboda inapita, namwona hadi abiria.
Naiinua ya karatasi: naona unjano tu.
Vumbi la Kiteto ni laini kuliko unga wa muhogo.
Karatasi. Nipe mbili.

Kwa Mbwilo, saa tisa alasiri.
Drili ilipoingia ubavuni mwa gari nilitazama pembeni.
Amefunga, amekaza, amepaka silikoni.
"Washa."
Anapanda juu ya tairi, anaziba mdomo wa bomba kwa kiganja.
Gari lililozibwa pumzi linapaswa kufa.
Halifi.
Linaunguruma vilevile, halina habari,
kama mlevi aliyefungiwa mlango akaingilia dirishani.

"Kuna mahali linaiba," anasema Mbwilo,
anakwenda kwa Bi Mwanahawa wa chai
kuazima chetezo.
Moshi wa ubani unapanda juu ya injini,
unapanda, unapanda, halafu pale kwenye kiwiko
unageuka, unaingia ndani kama mwenyeji.
Ufa. Mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Wiki mbili nzima nachagua vipya,
kumbe mwizi ni kipira cha zamani cha elfu kumi na mbili.

Ziba tena, tusikie.
Gari likashtuka, likatweta, likazimika.
Sijawahi kufurahia gari kuzimika.
Katika ule ukimya nikaisikia Gerezani yote:
nyundo, redio, mtu anahesabu boliti kwa sauti,
kumi na saba, kumi na nane.

Mbwilo akaichukua filta kuukuu,
akaibamiza ukutani, akaipuliza kwa kompresa.
Kiteto nzima ikamwangukia usoni,
nyusi zikawa nyekundu.
Akakohoa kikohozi kirefu, cha miaka.
"Hujifuniki?"
Akacheka, akagusa pua yake:
"Snoko yangu hii. Ilikuja na gari."

Nilitaka kusema kitu.
Kompresa ilikuwa imeshawaka tena,
na lile wingu lilikuwa linakuja upande wangu.
Nikaingia garini.
Nikapandisha vioo.